Kalamu ya Wakfu na Mafundi wa Mbezi Luis

Mgeni wa Dar es Salaam anayeambiwa ateremke Mbezi hana budi kuuliza: Mbezi ipi? Iko Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo, jirani na bahari; na iko Mbezi Luis, juu katika Barabara ya Morogoro, ukishaipita Kimara na kabla hujafika Kibamba. Makondakta wa daladala wameizoea kuiita Mbezi Mwisho, kwa kuwa zamani ndipo safari zao nyingi zilipokoma. Jina hilo limepitwa na wakati. Tangu Februari 2021, Rais John Magufuli alipokizindua kituo kikubwa cha mabasi kinachobeba jina lake, mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakianzia Ubungo yamehamia huku, na Mbezi Luis imekuwa mwanzo wa safari ya wengi wanaokwenda kwa basi Morogoro, Dodoma, Tanga, Moshi na kwingineko.

Anayekaa hapa kwa muda hutambua kwamba pamoja na vumbi, honi na mahindi ya kuchoma, Mbezi Luis ni mji wa karatasi. Abiria ameshika tiketi. Mwenye mzigo ameshika stakabadhi. Kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, watu wamepanga foleni na hati za mauziano ya viwanja vya Makabe, Msakuzi, Malamba Mawili na Goba. Dalali anahesabu hatua za mguu, mjumbe anatia sahihi, majirani wanne wanaandikwa kuwa mashahidi. Wakazi wa pembezoni mwa barabara kuu hawajausahau mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ili kupisha upanuzi wa barabara, na jinsi watu walivyofungua masanduku usiku kutafuta karatasi walizokuwa hawajazitazama kwa miaka mingi.

Katika mji wa namna hiyo, msikiti nao una karatasi zake: daftari la ndoa, daftari la wakfu, orodha ya michango ya ujenzi, barua za wosia zilizowekwa amana kwa imamu. Makala hii inahusu kalamu inayoandika karatasi hizo. Ni kalamu ya wino ya aina ya zamani, yenye wenzo ubavuni, na mafundi wa Mbezi Luis ndio walioirudishia uhai.

Ukurasa uliofutika

Mama mmoja alifika katika ofisi ya msikiti wetu akiwa amemaliza eda. Mumewe alikuwa amefariki, na ndugu walikuwa wanajiandaa kufungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Cheti chake cha ndoa kilipotea miaka mingi nyuma, familia ilipohama nyumba. Hakuwa na hofu, maana alikumbuka vizuri kwamba ndoa ilifungwa msikitini hapo na kuandikwa daftarini mbele ya mashahidi wawili.

Daftari lilikuwapo. Mwaka ulikuwapo. Ukurasa wenyewe ulikuwa umewahi kunyeshewa na mvua iliyovuja kabatini, na wino wa buluu uliotumika siku ile ulikuwa umesambaa kama rangi ya kanga mpya ndani ya beseni. Jina la bwana harusi lilisomeka nusu. Mahari hayakusomeka kabisa. Ajabu ni kwamba ndoa mbili zilizoandikwa juu yake, kwa mkono wa mtu mwingine na wino mwingine mweusi, zilikuwa zimesimama imara kana kwamba hazikuguswa na tone la maji.

Alhamdulillah, shahidi mmoja alipatikana Kibamba akiwa hai na mwenye kumbukumbu nzuri, naye akaenda kuapa. Haki ya mama yule ikapona. Lakini katika kikao cha kamati kilichofuata, mzee mmoja aliuliza swali ambalo hatukulisahau: shahidi yule angekuwa ametangulia mbele ya haki, tungemwambia nini mama huyu? Tungemwambia kwamba wino ulifutika?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe. Kabla yake, Qur’ani ilikwisha kutuelekeza. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Surat Al-Baqarah, inahusu kuandika deni, kuweka mwandishi mwadilifu na kushuhudisha, na inakataza kuchoka kuandika jambo, liwe dogo au kubwa. Kalamu imetajwa katika aya za mwanzo kabisa za wahyi, katika Surat Al-Alaq, na iko sura nzima inayoitwa kwa jina lake. Umma wenye dalili hizi haufai kuandika ndoa za watu kwa kalamu yoyote iliyookotwa mezani.

Mzigo kutoka Tanga

Habari ya ukurasa ule ilimfikia mwalimu mmoja mstaafu wa Qur’ani huko Tanga, mwenye jamaa katika jamaa zetu. Hazikupita wiki nyingi, tukapigiwa simu tukachukue kifurushi katika ofisi ya mizigo kituoni Mbezi Luis. Ndani ya kopo la chai, limezungushiwa pamba, mlikuwa na kalamu ya Conway Stewart, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1905, pamoja na barua fupi. Mwalimu aliiweka kalamu hiyo wakfu kwa kazi ya kuandika ndoa na mali za msikiti; isiuzwe, isitolewe zawadi, na itengenezwe kila inapoharibika.

Kuweka wakfu kitu kinachohamishika si jambo geni. Misahafu na vitabu vimewekwa wakfu misikitini karne kwa karne. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa wanakili wake wa misahafu, na huko Lamu Msikiti wa Riyadha umehifadhi hadi leo miswada ya wanavyuoni wa pwani hii. Waliokuwa wakiandika hayo walichonga kalamu za mwanzi na kuchanganya wino kwa mikono yao. Kwao, kuandika kulianza na kutunza chombo.

Kalamu ya mwalimu ilikuwa na nibu ya dhahabu ya karati 14, nzima na laini. Vilivyobaki vilikuwa hoi. Mpini ulikuwa na ufa mrefu, kifuniko kilikuwa na mwanya, na wenzo ulipoinuliwa ulicheza ovyo bila kubana kitu. Wakfu ulikuwa umetufikia ukiwa mgonjwa, na sharti la kuutengeneza lilianza siku ileile.

Inavyofanya kazi

Kalamu ya wenzo ni chombo chepesi kukielewa. Ndani ya mpini kuna kifuko chembamba cha mpira kilichogandishwa kwenye shingo, yaani kile kipande kinachoshika nibu. Kando ya kifuko kuna kibapa cha chuma chenye mnyumbuko. Ubavuni mwa mpini kuna wenzo mdogo. Ukiuinua, kibapa hukandamiza kifuko na hewa hutoka. Ukiurudisha huku nibu imezama katika wino, kifuko hujitanua na kuvuta wino ndani. Ndiyo maana mtu akishaurudisha wenzo huhesabu polepole hadi 10 kabla ya kuitoa nibu: mpira haujitanui kwa mara moja, na mwenye haraka hupata nusu ya wino.

Ufundi huo ulisajiliwa mwaka 1908 na Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison katika jimbo la Iowa, Marekani, ambaye mwaka 1913 alianzisha kampuni yake ya kalamu. Wazo la kalamu inayobeba wino wake lenyewe ni la zamani zaidi, na limepita katika ardhi ya Waislamu. Kadhi Nu’man, aliyefariki mwaka 974, alisimulia kwamba Khalifa wa Kifatimiya, Al-Mu’izz, alitamani kalamu inayoweka wino ndani, isiyochafua mikono wala nguo, na ambayo hata ikipinduliwa haimwagi. Mafundi walimletea moja ya dhahabu, ikafanya kazi kama alivyotaka.

Kwenye mashine ya kukereza

Tulianza Kariakoo. Maduka ya vifaa vya ofisi yana kalamu za wino, nyingi kutoka China, zinazotumia vibomba vya kuchomeka au vya kuvuta kwa kuzungusha. Ya wenzo hatukuiona, wala aliyekuwa na kifuko chake. Jibu lilikuwa karibu na nyumbani.

Ukitoka kituoni ukaishika barabara ya kuelekea Goba, utawakuta mafundi wa samani wamepanga vitanda na makabati hadi ukingoni. Nyuma yao, mahali unaposikia sauti nyembamba isiyokatika kama ya cherehani kubwa, yuko fundi wa kukereza, anayezungusha mbao kwenye mashine na kuzifanya miguu ya meza na nguzo za ngazi. Fundi tuliyemwendea hakuwahi kutengeneza kalamu maishani mwake. Aliigeuzageuza ile iliyopasuka, akapima kipenyo kwa kalipa, akasema: “Ustadhi, hiki ni kinguzo cha ngazi cha mtoto wa sungura.” Kisha akacheka, akaomba siku tatu.

Alipendekeza mninga, kwa kuwa ndio uliomzunguka. Tulikubaliana hatimaye juu ya mpingo, mti ambao mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na ambao dunia huununua kwetu kutengenezea zumari za aina ya klarineti. Mpingo hukua taratibu kwa miongo mingi, na usafirishaji wa mazao ya misitu unahitaji kibali, kwa hiyo hakununua gogo. Alitafuta kipande kilichobaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge, kikavu, kisichozidi urefu wa kiganja.

Kipande cha kwanza kilipasuka. Keekee ilipoingia kwa kasi ilipata moto, na mpingo ukipashwa moto ghafla hutoa ufa. Kipande cha pili alikitoboa kwa subira, akiichomoa keekee kila baada ya muda mfupi ili ipoe. Kisha akatoboa matundu madogo mfululizo ubavuni, akayaunganisha kwa tupa hadi yakawa dirisha jembamba, akaupachika wenzo wa zamani kwa pini ya shaba. Kifuniko alikifanya cha kuchomeka badala ya cha kuzungusha, akakitia pete ya shaba mdomoni kisipasuke, na ndani yake akahamishia kile kikombe kidogo cha kifuniko cha zamani kinachozuia nibu isikauke.

Mbao inafaa kwa kalamu ya wenzo kwa sababu wino hukaa ndani ya kifuko na haugusi mpini. Kalamu ambazo wino humiminwa moja kwa moja ndani ya mpini zinahitaji kitu kisichonyonya, kama ule mpira mgumu uitwao eboniti. Anayetaka kuagiza kalamu ya kutengenezewa na azingatie hilo kabla ya kuvutiwa na uzuri wa mti.

Kifuko na gundi yake

Kifuko cha mpira kililetwa na ndugu aliyekuwa akirejea kutoka Uingereza. Huuzwa kwa namba, na namba ni kipenyo chake kwa sehemu za 64 za inchi: namba 16 ni robo inchi. Apimaye vibaya hupata kifuko kinachosuguana na mpini, ambacho hakitajitanua sawasawa.

Katika kukifunga ndipo kalamu nyingi za zamani hupoteza maisha. Mtu huona kazi ndogo, akachukua gundi kali ya dukani, ile inayogandisha hata vidole. Inashika, lakini inashika milele: siku kifuko kitakapochakaa, na kila kifuko huchakaa, hakitatoka ila kwa kuivunja shingo. Gundi ya kazi hii ni shelaki, utomvu wa wadudu ambao mafundi wa samani huuyeyusha kwa spiriti wakapata polishi. Shelaki hushika vya kutosha, na ikipashwa joto la wastani hulegea. Fundi wetu alikuwa nayo rafuni siku zote. Alipaka kidogo shingoni, akavisha kifuko, akakiacha usiku kucha, kisha akakipaka unga wa talki ili mpira usigandane na mpini.

Kuna tahadhari mbili kwa mwenye kalamu ya zamani nyumbani. Kwanza, usiiweke karibu na moto. Nyingine zimetengenezwa kwa seluloidi, ambayo huwaka upesi. Pili, usiitumbukize katika maji ya moto wala spiriti. Eboniti hubadilika rangi ikawa ya kahawia, na spiriti huweza kuila plastiki. Maji ya kawaida yanatosha. Inua na urudishe wenzo ndani ya maji hadi yatoke meupe.

Adhana ya Alasiri ilitukuta kazini, na fundi akauliza jambo ambalo wasomaji wengi huenda wamejiuliza: udhu wake unasihi akiwa na wino vidoleni? Wanavyuoni wa fiqhi hutofautisha rangi tupu na kitu chenye mwili. Doa la wino wa kawaida ni rangi. Maji hufika kwenye ngozi. Shelaki, gundi na vanishi hufanya utando, nao lazima uondolewe kwanza. Alisugua vidole kwa kitambaa chenye spiriti, akanawa, tukaenda kuswali.

Kuchagua wino

Msomaji asielewe kwamba kila wino wa chupa hudumu. Wino mwingi wa buluu wa kalamu hizi umekusudiwa ufulike, ili mtoto wa shule akiuchafulia shati mama yake asilie. Huo ndio aina iliyomponza mama wa ukurasa ule. Kumbukumbu zinahitaji wino wa kudumu. Uliopata sifa kwa muda mrefu ni wino wa chuma na tanini, unaozidi kuwa mweusi ukikutana na hewa na kujishika ndani ya karatasi. Waandikishaji wa ndoa wa Uingereza waliandika kwa wino wa aina hiyo hadi mwaka 2021, usajili wao ulipohamia kwenye kompyuta. Una tindikali kidogo, hivyo nibu ya dhahabu huuvumilia kuliko ya chuma, na kalamu ioshwe kabla ya kila kujazwa.

Wino wa hati, ule mzito unaotumika madrasa kwa kalamu za mwanzi, usiingizwe kamwe katika kalamu hizi. Ukikauka ndani ya mfereji mwembamba hautoki.

Kabla ya kuuamini wino wowote, fanya jaribio. Andika mstari kwenye karatasi ya daftari lenyewe, uache siku nzima, kisha udondoshee maji. Kinachobaki ndicho watakachokisoma wajukuu zako. Jaribio hilo lifanyieni hata kalamu ya kawaida ya ofisini. Ikifaulu, inatosha kwa kazi hiyo.

Alhamisi baada ya Alasiri

Mtu ana haki ya kuuliza: ikiwa kalamu ya kawaida yenye wino mzuri inatosha, kwa nini taabu yote hii? Sababu ya kwanza ni sharti la wakfu, na sharti la mweka wakfu huheshimiwa. Ya pili imejitokeza katika kuitumia.

Kalamu hii haiwezi kusahauliwa. Ikikaa mwezi bila kuoshwa, itaziba. Kwa hiyo kila Alhamisi baada ya Alasiri huoshwa na kujazwa, na kwa kuwa iko mkononi, daftari nalo hufunguliwa. Ndoa za wiki husomwa upya: jina la walii lipo? Mahari yameandikwa kwa tarakimu na kwa maneno? Mashahidi wote wawili wametia sahihi? Mara kadhaa pengo limeonekana mapema, wahusika wangali jirani, likazibwa kwa simu moja. Pengo kama hilo likikaa miaka 20 huzibwa mahakamani, tena kama shahidi yuko hai.

Kuna adabu nyingine pia. Wino wake haukauki papo hapo, na anayeandika jina kwa Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mkono wake hufuata maandishi mabichi. Hivyo huandika taratibu, huweka karatasi ya kunyonya wino, husubiri. Katika kusubiri huko bibi harusi, kama yupo, hupata nafasi ya kusoma kilichoandikwa juu yake. Zamani daftari lilifungwa kabla macho yake hayajafika.

Kituo kinaendelea kupokea mabasi, viwanja vinaendelea kuuzwa, na vijana wanaoana kila wiki. Tunawanasihi wasomaji, hasa kina mama, jambo moja jepesi: nendeni katika msikiti ilipofungwa ndoa yenu, ombeni kwa adabu kuuona ukurasa wenu. Ukisomeka, mshukuruni Mwenyezi Mungu na mwandishi wake. Usiposomeka, ombeni uandikwe upya mashahidi wangali hai. Nasi wa kamati tuwafungulie daftari bila kinyongo, kwa kuwa ni lao na sisi tumewekewa amana tu.

Wabillahi tawfiiq.